Mashine Niliyoiacha Ikifikiri Magharibi

Niite mwongo ukipenda, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, dukani kwa Mzee Gulam, hapa hapa Ngamiani, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya sisi kupangia foleni hadi sabuni.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule nikawa napiga chapa kwenye kompyuta ya Mzee ili wadogo zangu wale. Jioni alinifundisha sataranji. "Binti yangu, unacheza kama unapepeta mchele," alinitania kila aliponifunga. Sharti lake lilikuwa moja: adhana ya magharibi ikilia, kete zote ziingie kisandukuni. Ubao ulioachwa umepangwa, alisema, humkaribisha mtu.

Kompyuta ile ilikuwa na programu ya sataranji. Unaiingizia mchezo wako, inakutafutia hatua iliyo bora, ila ilikuwa nzito mno. Siku hiyo mdogo wetu wa mwisho, Omari, alilala nyumbani na homa kali, nami nilibakiza barua moja tu ya kutia kwenye bahasha niondoke. Adhana ikalia, Mzee akaenda msikitini. Kete nikazikusanya, lakini mchezo wetu nikauacha ndani ya kompyuta uendelee kuchambuliwa. Mashine si ubao, au sivyo?

Umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Kioo cha kompyuta hakikuzimika.

Nikainua macho, kuna mtu kwenye kiti cha Mzee, kanzu nyeupe. Mlango sikuusikia. Nikamtolea salamu. Mwanga wa kioo ulimulika rafu, ukamulika vidole vyangu. Mikono yake haukuigusa.

"Mashine imeshapata," akasema taratibu. "Mtoe kafara yule askari wa pembeni, kete ndogo kuliko zote, utashinda."

Nikatazama. Kompyuta nayo ilionyesha hivyo hivyo. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Utamfunga Gulam," akaendelea, "na kila atakayeketi mbele yako. Askari huyo ni Omari wako. Bonyeza."

Nikaondoa kidole. "Simtoi."

"Basi utafungwa maisha yako yote."

"Nifungwe."

Nikabonyeza kitufe cha kukubali kushindwa. Kioo kikazimika. Nilipopapasa kile kiti, kilikuwa kitupu na baridi kama barafu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Omari alikuwa ameketi kitandani, anaomba uji. "Dada, kuna mtu alinishika mkono, ananivuta," akaniambia. "Ameniachia sasa hivi."

Leo Omari ana watoto wake. Kifundo cha mkono ule ni cha baridi hata kwenye joto la kaskazi, mkewe atakwambia. Nami tangu siku ile sijamfunga mtu yeyote, hata mtoto anayejifunza.

Nyinyi mna mashine hizo kwenye simu zenu. Jifunzeni, sikatazi. Lakini magharibi ikiingia, zima kwa mkono wako. Na ikikuonyesha kwamba utashinda ukimtoa aliye mdogo, kabla hujabonyeza, inua macho utazame ni nani aliyeketi mbele yako.