Pishi za Munje na Pishi za Tiwi

Bi Biasha wa Munje aliambiwa "nyamaza" mara nyingi maishani mwake, na sikumbuki mara hata moja aliyotii. Mwaka wa 1953 mjomba wake, Mzee Chome, alikuja kutoka Tiwi alikokuwa amehamia, akamkuta barazani anakuna nazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa jambo moja. Minazi ya marehemu mamako tuiuze, ukoo wote uhamie Tiwi. Munje kuna nini? Kwetu lori la mbata huchukua nazi thalathini elfu kwa mwaka. Hapa ni elfu tisa!"

Kwetu Wadigo, mali ya upande wa mama husimamiwa na mjomba. Akisema iuzwe, itauzwa. Minazi ile arobaini mamake Biasha aliipanda mwenyewe, akainywesha kwa mtungi wa kichwani. Biasha aliumia sana, lakini hakulia.

"Hizo thalathini elfu, mjomba, ni za watu wangapi?"

"Astaghfirullahi! Watu wahesabiwa? Wataka kuwaua?"

Hapo mzee hakukosea. Kwetu nazi huhesabiwa, kuku huhesabiwa, mtu hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole ukasema wa tatu, wa nne, umemwitia balaa.

"Basi nipe miaka mitatu nikuonyeshe ni wapi mtu hupata nazi nyingi zaidi," akasema Biasha. "Nikishindwa, uza."

Mzee alikubali huku anacheka.

Mwanzoni Biasha alikosea. Alihesabu meko badala ya watu, akaona Tiwi ni matajiri ajabu. Kumbe jiko moja la Tiwi lilikuwa likilisha watu kumi na watano, maana kila siku waliingia wahamiaji. Wanaume wa Munje walimcheka, na wengi wao hawakujua hata idadi ya minazi yao wenyewe.

Ramadhani ilipokwisha, alikuwa akipima fitri ya nyumba yake, mkono ukasimama juu ya mchele. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, hata kitoto kilichozaliwa jana. Anayezijua pishi amewajua watu, na kidole hakijamnyookea mtu.

Basi kila Idi aliuliza pishi zilizopimwa msikitini Munje. Za Tiwi aliletewa na mdogo wake Mwanapili, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa mpimaji huko. Nazi alizipata kwa mwenye lori. Kisha alikaa chini na kokwa za ukwaju, akagawanya mpaka mgongo ukamuuma. Mwaka wa kwanza Tiwi walipata nazi sabini na tano kwa kila mtu, Munje sitini. Mjomba alikuwa amesema kweli, na Biasha alikasirika siku nzima. Kesho yake alishika jembe, akapalilia minazi yake, akawachokoza majirani mpaka nao wakapalilia.

Mwaka wa 1955 alimwita mjomba wake.

"Tiwi nazi ni zile zile thalathini elfu, mjomba, lakini pishi zimetoka mia nne zikafika mia sita. Kila mtu hamsini. Munje pishi ni mia na hamsini tangu mwanzo, na nazi sasa ni elfu kumi na mbili. Kila mtu themanini."

Mzee alizihamisha kokwa mwenyewe, mara mbili, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Na mimi nimo katika hao mia sita?"

"Umo, mjomba. Nyumba yako ni pishi saba."

Mzee aliondoka bila kuaga, na habari ya kuuza minazi haikusikika tena.

Idi iliyofuata alifika Munje na mkewe na watoto, mizigo kichwani, akamimina pishi saba za mchele kwenye kapu la msikiti wetu. Biasha alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake anamngoja, kokwa mkononi.

"Umenishushia hesabu, mjomba. Nazi zikibaki zile zile, kutoka themanini tutarudi sabini na sita."

Mzee Chome alitua mzigo wake chini, akatoa jembe.

"Nionyeshe pa kupanda," akasema.