Domitille Nabintu: Mtaro uliomrudishia jirani udongo wake

Saa moja asubuhi, umande ungali kwenye migomba, Domitille Nabintu ameshafika karibu na kilele cha kilima. Mkononi ana fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe dogo linaning'inia katikati kwa uzi. Anapiga hatua, anasubiri jiwe litulie, anachomeka kijiti. Hatua nyingine, kijiti kingine.

"Hapa maji italala," anasema bila kuinua macho. "Kama maji iko nalala, udongo nayo inabaki."

Ndiyo kazi yake: kupima mitaro inayokata mteremko ili mvua isikokote mashamba. Ana miaka hamsini na miwili, na vilima hivi vya Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, anavijua kwa nyayo.

Hapa ardhi hainyimi. Mvua ni ya miezi mingi, maharagwe huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nyumba zimesongamana hadi juu kilimani. Shamba la Domitille ni hatua arobaini kwa ishirini na tano tu. Linalisha watu tisa.

Miaka sita iliyopita, mvua moja ya Novemba ililifagia lote. "Nilibakia na mawe," anakumbuka. Msimu ule alivuna beseni moja la maharagwe.

Maji yalikuwa yameshuka kutoka shamba la juu, la jirani yake Christophe. Domitille alipanda kumwomba achimbe mtaro.

"Maman, shamba ni kidogo," Christophe alimjibu. "Mutaro ikikula mètre moja, watoto watakula nini?"

Hakubishana naye. Alijifunza kupima kwa agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akizungukia vijiji, akachimba mitaro mitatu kwake, akapanda majani ya mifugo kingoni.

Mwaka uliofuata mvua kubwa ilirudi. Iling'oa mihogo ya Christophe, lakini maharagwe ya Domitille yalisimama. Asubuhi, mtaro wake wa juu ulikuwa umejaa udongo mweusi mzuri, na Christophe amesimama kando yake na beseni tupu, ameinamisha kichwa.

Wengine wangemfukuza. Domitille anacheka akisimulia.

"Nilimwambia, papa, chukua udongo yako. Lakini kesho tunachimba kwako."

Waliubeba siku mbili, beseni kwa beseni, wakipanda mteremko pamoja. Siku ya tatu walichimba. "Nilikuwa na haya sana," anakiri Christophe, ambaye sasa ndiye anayemfuata Domitille na jembe kila anapopima.

Leo Domitille huvuna mabeseni sita kwa msimu. Kila Ijumaa wakati wa mavuno, Laurette, mchuuzi kutoka mtaa wa Cimpunda mjini Bukavu, huja kununua maharagwe ya ziada. "Kwetu hata pa kupanda kitunguu hakuna," anasema Laurette. "Sisi tunakula kilima ya huyu maman."

Kati ya mashamba kumi na tisa ya kilima hiki, kumi na nane yana mitaro. Limebaki la kileleni, la bwana Emile anayeishi Nyalukemba, mtaa mwingine wa Bukavu, ambaye kwa miaka miwili hakujibu ujumbe wao. Wiki hii amepiga simu: wachimbe.

Domitille anataka kumaliza kabla ya mvua za Septemba.

"Tukifunga kule juu," anasema, akiinua fito zake na kuanza kupanda, "mvua inyeshe namna inataka. Mimi nitalala."