Mashudu

Kila nifunguapo gunia la mashudu, ile harufu nzito ya mafuta hunirudisha Goba, mama alipokuwa amemfuata baba kaburini.

Nilikuwa nimeacha shule nilee wadogo zangu wawili. Shangazi alisema ng'ombe wetu akikauka maziwa, atakuja kuwachukua. Nami nilikuwa namlisha majani matupu, maziwa hayajazi hata kikombe.

"Shikamoo bibi. Naomba mashudu," nilimwambia mwenye duka.

"Marahaba. Unayajua, au umetumwa na jirani?"

"Si chakula cha ng'ombe?"

Akacheka. "Bibi zetu walikamua ufuta kwenye kinu. Mafuta yakishatoka, yale makapi yanayobaki ndiyo mashudu. Siku hizi ni ya alizeti, jina lilelile. Usimpe makavu kama mvivu. Roweka, changanya na pumba."

Nikaroweka kila asubuhi, mikono ikinuka mpaka kitandani. Wadogo zangu wakaniita Mama Mashudu.

Wiki ya tatu shangazi akaja na begi tupu la nguo zao. Nikamwekea chai ya maziwa. Akanywa vikombe viwili.

"Maziwa unanunua wapi?"

"Ya ng'ombe wetu, shangazi."

Akaondoka peke yake.