Mwanya wa Marehemu Mama

Juzi nilikuwa nasukwa katika saluni moja mjini Bukoba, ambamo kijana mmoja mchora tatuu amekodi kona. Akaingia mwanamke kutoka Izigo. Wiki iliyotangulia kijana alimchora mkononi sura ya marehemu mama yake, akiitazama picha.

Mwanamke akapiga magoti, kama sisi Wahaya tunavyofunzwa kumsalimu mwanamume.

"Waitu, bwana wangu, kazi ni nzuri mno. Ila mama alikuwa na mwanya. Naomba kamstari kadogo tu hapa kwenye meno."

Kijana hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mwanya niliuona. Nikauziba ili apendeze."

"Kweli kapendeza. Lakini simtambui."

"Mama, msanii hasahihishwi hivyo," akajibu huyo aliyekuwa akibandika stika za bodaboda mwaka jana. "Ungeomba kwa adabu ningekusaidia."

Mwanamke akasema asante. Akajipangusa nywele za watu magotini, akashusha mkono wa gauni akaifunika ile sura, akatoka.

Nami nauliza, adabu ipi tena ilibaki? Chini ya magoti kuna sakafu tu.