Mtoto Aliyelala Tumboni

Mama mkwe wangu, Yezza, aliolewa angali kigori, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa bure. Alikata kuni mlimani, alikamua mbuzi, alisuka mazulia mpaka mgongo ukapinda. Mimi Rkia niliolewa na mwanawe mkubwa, nimekaa naye nyumba moja hadi nimeota mvi, na nasema kweli: alinichosha. Lakini kisa chake kinachosha kuliko yeye mwenyewe.

Mumewe alikwenda Ufaransa kuchimba makaa ya mawe. Alikaa miaka miwili bila kurudi, na kuelekea mwisho wa mwaka wa pili Yezza akamzaa Haddu. Kwetu huku jambo kama hilo lina jina lake tayari: mtoto alilala. Mimba ilitunga kabla mume hajaondoka, mtoto akasinzia humo tumboni, akaamka alipotaka. Imamu alikubali, wazee wakakubali, na mume aliporudi akachinja kondoo, akampa mtoto jina. Wanawake kisimani walihesabu kwa vidole, kisha wakanyamaza, maana hakuna aliyejua kesho nani atalihitaji neno hilo.

Haddu alikua akijivunia usingizi wake. Ukimwambia amechelewa shambani, anakujibu, "Mimi nililala miaka miwili kabla ya kuzaliwa, leo unifundishe haraka?" Watu walicheka. Yezza hakucheka, ila sikuwahi kulitilia maanani.

Haddu akamwoa Tuda, msichana mpole anayefanya kazi bila kuhema. Mimba yake ya tatu iliangukia msimu wa baridi. Mimba ilipofika mwezi wa nane uso ulivimba, pete ikagoma kutoka kidoleni, na kila asubuhi alijifunga kitambaa kwa nguvu kwenye paji la uso kwa sababu ya kichwa. Muuguzi wa zahanati bondeni alikuwa ametukusanya sote akatuambia: kichwa kinachouma kisiache, uso na mikono kuvimba, macho kuona vimulimuli, damu kutoka, au mtoto kuacha kucheza, msingoje kuona kesho itakuwaje, njooni siku hiyo hiyo. Tulimsikiliza vizuri, tukarudi kusuka.

Siku moja ya soko nilimkuta Tuda kaketi penye meko, mikono imezama kwenye unga, haukandi.

"Dada Rkia, huyu hajacheza tangu jana."

"Hata kidogo?"

"Nimekunywa maji ya sukari, nimelala ubavu, nimempapasa. Kimya. Na macho yananichezea, naona nyota nyota."

Nilitoka nje mbio. Haddu alikuwa anafunga kondoo kwenye lori lake dogo, na majirani wawili waliokuja na kondoo wao wanangoja zamu.

"Shemeji, shusha hao kondoo, mkeo apelekwe hospitali. Mtoto hachezi."

Akacheka. "Amelala huyo! Damu yangu hiyo, mnababaika nini? Mimi nililala miaka miwili nikatoka dume zima."

"Kulala hakuvimbishi uso, shemeji."

"Na theluji yote hii? Nikamtingishe njiani, nimwamshe mtoto kabla ya siku zake? Wewe Rkia, mdomo wako utakuja kuua mtu. Hebu muulize mama. Mama! Si watoto wetu hulala?"

Yezza alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Nilimtazama kwa hasira. Neno nilikuwa nalo ulimini, lakini ningelisemaje? Kusema watoto hawalali, pale uani mbele ya majirani, ni kumwita mama mkwe wangu malaya na shemeji yangu mwanaharamu. Na bila kulisema, Haddu asingeliwasha lile lori. Tuda akatokea nyuma yetu akishika ukuta.

"Mama," alisema, "sikuoni vizuri."

Yezza akaweka ndoo chini.

"Haddu, shusha kondoo."

"Mama, wewe mwenyewe ndiye uliye..."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayekuambia. Hakuna mtoto anayelala tumboni. Wewe hukulala hata siku moja. Ulinipiga mateke miezi tisa, kama watoto wote, na nilijua kila siku ulikotoka. Umenisikia? Nyinyi nanyi mmesikia? Haya, shusha kondoo, mkeo anakufa."

Majirani waliinamisha vichwa. Haddu alisimama kama hajaelewa, kisha akaanza kufungua kamba, na jirani mmoja akapanda kumsaidia.

Mimi nilikaa nyuma kwenye majani ya kondoo. Mbele walikaa Haddu, Tuda na Yezza, wamebanana. Njia nzima nilisikia sauti moja tu, ya Yezza, "Tuda, mwanangu, usifumbe macho. Tuda, niitikie."

Hospitali walimpima shinikizo la damu, wakamkimbiza ndani, wakampasua. Alitoka mtoto wa kike, mdogo, analia kwa taabu, lakini analia. Daktari alituambia kwamba tungengoja mpaka jioni tungerudi nyumbani na maiti mbili. Haddu alikaa chini sakafuni. Mama yake alikuwa kando yake, na Haddu hakumtazama.

Hakumtazama hata baada ya Tuda kurudi nyumbani, macho yameshapona. Alikula upesi, akatoka. Kijiji kizima kilikuwa kimeshalipata neno, na kisimani wanawake walisogea kando Yezza alipopita. Siku ya kumpa mtoto jina watu walijaa sebuleni, naye alibaki jikoni nami, ameketi anamenya turnipu za kutia mchuzini.

"Umejuta?" nilimuuliza.

"Nimechoka, Rkia. Miaka yote ile nimechoka. Nipe hicho kisu kingine, hiki hakikati."

Nilikuwa namtafutia Yezza kisu Haddu alipoingia, mtoto mikononi mwake. Alisimama mbele ya mama yake. Kisha akainama, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya Yezza, juu ya maganda.

"Mshike, Mama," alisema. "Hatulii kwa mtu mwingine."