Mtu wa Manyoya wa Kilimarondo

Miaka ya tisini, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya wanyamapori, Nachingwea, pamoja na bibi mmoja aliyetoka Kilimarondo. Tulikaa mpaka jua likawa la utosi, ndipo bwana nyama, kijana mgeni wa mkoa, akainua uso.

"Bibi! Kumbe upo? Sikukuona."

Bibi akasogea mezani kwake, akasema amemwona mtu wa manyoya, mfupi, akitembea kwa miguu miwili pembeni mwa shamba lake la ufuta.

"Huyo nyani, bibi."

"Nyani nawafukuza kila siku, mwanangu. Huyu wazee wetu walimkuta hapa. Yeye ndiye mwenyeji, sisi tulihamia."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, nimekuona tangu kule mbali. Ukisema hukumwona, anajua umedharau ufupi wake, anakasirika. Basi akaenda zake. Nimekuja kukuomba, askari wako wanaolinda mashamba wasimpige risasi."

Bwana nyama alicheka, halafu akaacha, maana bibi alikuwa bado ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hawatampiga," akasema taratibu.

Kama kiumbe huyo yupo, mimi sijui. Wajuzi wa nyayo na wabishane. Ila hasira yake naielewa. Nani anapenda kupitwa kama kisiki?

Bibi alipotoka, mzee mmoja aliegemeza baiskeli ukutani akaingia. Bwana nyama alisimama.

"Karibu, baba. Nimekuona tangu kule barabarani."