Kadi za Boksi Darasani Kwangu

Kusema kweli, nilianza kumchukia siku ile ile alipogeuza kitabu.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu, ameletwa kufanya mazoezi ya kufundisha shuleni kwetu Mwamkulu, miaka ya tisini, nami nikapewa nimlee. Darasa la kwanza lilikuwa langu, na sifa yangu ilikuwa moja: watoto wangu walisoma kwa sauti moja, fimbo ikigusa ubao, mpaka wazazi walioko mashambani wakasikia. Wengi nyumbani waliongea Kisukuma au Kirundi, lakini ukurasa ule wa Kiswahili waliumwaga bila kukwama.

Yule binti akawaomba waanze na mstari wa chini. Wakaanza na wa juu. Akageuza kitabu juu chini. Wakaendelea vile vile, kwa sauti nzuri kabisa. Laiti angecheka! Hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ya mtu ninayeweza kumzaa sikuizoea.

Basi akakata maboksi ya sabuni, akaandika silabi kwenye vipande, akawagawia watoto wapange maneno. Darasa likabaki na minong'ono tu. Asubuhi walikimbilia kumpokea mkoba, mimi wakanipita na shikamoo ya haraka haraka. Nikajiambia, kipya kinyemi. Uongo mtupu. Ulikuwa wivu, tena ule wa kukosesha hamu ya chakula. Msichana mmoja wa wafugaji, ambaye hata herufi "a" hakuijua, siku moja alinisomea neno "chumvi" kwenye pakiti aliyotumwa kununua dukani. Nilimwambia akae chini.

Mkufunzi wa chuo chake alipokuja kumkagua mara ya kwanza, aliniuliza anaendeleaje.

"Ni mtoto mzuri," nikajibu, "ila darasa linamshinda. Halina sauti."

Mkufunzi akaandika. Alama zikawa za chini, na binti akaambiwa asipojirekebisha hatapita.

Hakuninunia. Alikuja macho mekundu, akasema, "Mwalimu, naomba unifundishe unavyofanya wewe." Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Badala yake nikampa fimbo. Wiki nzima nilimwelekeza: simama hapa, gusa neno, haya, wote pamoja. Raha niliyoipata, Mungu anisamehe, sijawahi kuipata kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Kadi zake zilirudi ndani ya mkoba.

Ukaguzi wa pili, darasa lilinguruma. Mkufunzi akatabasamu, akanipa mkono. "Tungepata walezi kumi kama nyie, tungefika mbali," akasema, kisha akatoka kwenda ofisini kujaza alama.

Yule msichana wa wafugaji akanyoosha kidole. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwalimu wake, aliyekuwa bado ameshika fimbo yangu.

"Mwalimu, leo tutasoma saa ngapi?"